Habari Ndogo Ndogo

Neno linalotaja kazi yetu sisi waandishi wa habari ndilo neno ambalo watu wote wanalitumia kusalimiana. Nikitoka nyumbani kwangu Magomeni asubuhi, kabla sijafika kituo cha mwendokasi nimeshaulizwa habari na watu kama kumi: habari za asubuhi, habari za kulala, habari za nyumbani, habari za kazi. Nikifika ofisini, kwenye kikao cha asubuhi, mhariri anauliza kitu kile kile: "Haya jamani, kuna habari gani?" Tofauti ni moja. Mtaani ukijibu "nzuri" umemaliza salamu. Ofisini ukijibu "nzuri" unatazamwa kama mtu aliyekuja kazini kupumzika.

Kila aliyekulia ndani ya Kiswahili anajua kwamba hiyo "nzuri" ni mlango tu. Habari yenyewe iko nyuma ya neno "ila". Habari za nyumbani? Nzuri, ila mama amelazwa tangu juzi. Habari za biashara? Nzuri, ila mgambo wamepita. Mgeni anaweza kushangaa inakuwaje mtu mwenye mgonjwa hospitalini aseme kwake ni kuzuri. Sisi hatushangai. Kwanza tunahakikishiana kwamba bado tupo, halafu ndiyo tunaambiana yanayotuuma.

Nataka kuandika juu ya hizo habari za baada ya "ila", na juu ya rafiki yangu mmoja aliyehama mtaa.

Chuoni tulifundishwa mfano ambao nadhani kila aliyepita darasa la uandishi wa habari ameusikia: mbwa akimng'ata mtu si habari, mtu akimng'ata mbwa ndiyo habari. Tukacheka, tukaandika kwenye daftari, na mimi nimekula mkate kwa kanuni hiyo zaidi ya miaka kumi. Ni kanuni nzuri kwa gazeti. Kurasa ni chache, msomaji hana muda, na mambo ya kawaida kila mtu anayo kwake.

Ila mtaani kanuni hiyo haifanyi kazi hata kidogo. Mtaani mbwa akimng'ata mtu ni habari kubwa mno. Mbwa wa nani? Kamng'ata nani? Amepelekwa kuchomwa sindano au wanamkanda kwa chumvi nyumbani? Mama yake yuko kazini, sasa nani atamchukua mdogo wake shule? Ukisikia habari hiyo huwezi kutikisa kichwa ukafungua ukurasa mwingine. Kuna mtu lazima avae kandambili atoke. Nikilinganisha, naona habari ya gazeti inamwachia msomaji hiari. Habari ya mtaa inamtuma.

Wazazi wetu walikuwa na redio iliyojua jambo hili. Wale waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam, kabla haijawa TBC, wanayakumbuka matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma taratibu, bila pambo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kisha yanafuata majina ya ndugu na miji yao, na maneno ambayo hadi leo yakisomwa nanyamaza: habari ziwafikie. Ziwafikie wa Tanga, ziwafikie wa Mwanza, ziwafikie popote walipo. Nchi nzima ilisikiliza orodha ya watu isiowajua, kwa sababu siku moja jina lingekuwa lako, na jirani aliyesikia wakati wewe uko shambani angekuja mbio kukwambia. Habari haikuhesabiwa imetolewa mpaka imemfikia mwenyewe.

Na wapenzi wa fasihi humu mtakuwa mmeshamkumbuka Siti binti Saad, yule ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke aliyekuwa mgeni Unguja na mtuhumiwa aliyetoroka. Ni habari ya mahakamani na ya mtaani kwa wakati mmoja. Watu wa Ng'ambo hawakuhitaji kusoma ili waijue. Iliimbwa na mtu waliyemfahamu, juu ya watu waliowafahamu. Naamini ndiyo sababu inakumbukwa hadi leo.

Sasa turudi Magomeni.

Rafiki yangu alikuwa anakaa bondeni, Magomeni Suna. Mimi nakaa juu kidogo, upande ambao maji ya Mto Msimbazi hayafiki. Tulijuana kwa vitumbua. Alikuwa anachoma barazani kwake kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mchele ameloweka tangu jana, iliki haionei haya, na ukichelewa kidogo unakuta anasafisha chuma. Mimi ananiita mtangazaji, ingawa sijawahi kusema hata neno moja redioni. Ukimweleza kwamba mimi ni wa gazetini anasema, "Shoga, si yale yale? Unatangaza kwa kalamu."

Kwa miaka saba nilipita kwake karibu kila asubuhi. Vitumbua vinne na dakika kumi za habari. Mpangaji wa nyumba ya geti la kijani kahama usiku na kodi ya watu ya miezi miwili. Binti wa fundi baiskeli kachaguliwa shule ya bweni, wanatafuta tranka, wewe kwenu hamna tranka? Maji yalitoka saa nane usiku, wewe ulikuwa umelala, nimekukingia ndoo mbili. Mchele umepanda tena. Hakuna hata moja kati ya hizo ningeweza kuipeleka kwenye kikao cha asubuhi. Lakini tranka lilipatikana, lilikuwa langu la kidato cha tano, na ndoo mbili zile nilizioga.

Na yeye mwenyewe alikuwa habari. Siku asipoonekana barazani, mpaka saa moja watu watano wameshagonga mlango wake. Hakuna aliyepigiwa simu. Moshi wa jiko haukuonekana, basi.

Wanaoishi bondeni wana habari nyingine ya kila mwaka, ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kufanya Serikali iwapeleke baadhi ya waathirika Mabwepande, mimi nilikuwa mwanafunzi, nikayasoma. Yeye alikuwa juu ya bati na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Tulipokuja kujuana tayari alikuwa na utaratibu wake wa masika: mvua ikinyesha siku ya pili mfululizo, magodoro, chuma cha vitumbua, daftari za watoto na televisheni vinapanda kwangu. Sebule yangu ilikuwa inageuka ghala mara moja au mbili kwa mwaka. Tukilala sita ndani ya chumba na sebule, watoto wanaona ni sikukuu. Usiku yeye anakaa dirishani anasikiliza, eti anajua kwa sauti tu kama maji yameshafika kwenye ngazi yake ya pili. Mara nyingi alikuwa anapatia.

Ukaja mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022. Mto utanuliwe, daraja la Jangwani lijengwe juu zaidi ili Barabara ya Morogoro isiwe inafungwa kila mvua ikikolea, na wanaokaa kwenye njia ya maji walipwe wahame. Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na wazo hilo. Mtu aliyelala mara moja juu ya bati na mtoto hahitaji kushawishiwa sana. Rafiki yangu alihesabiwa, akalipwa, akanunua kiwanja Chanika, akajenga vyumba viwili na sebule. Nilikwenda kumsaidia kufunga mapazia. Akanitembeza nyumba nzima, akawasha na kuzima kila taa. "Shoga, mvua ikinyesha huku nalala," akaniambia. Siku ile nilirudi mjini nimefurahi kwelikweli.

Magazetini habari ya bondeni iliandikwa vizuri tu. Nyumba ngapi, malipo yameanza lini, nani anadai hajalipwa, mkuu gani kasema nini. Kwa aliyelipwa, habari ilimalizikia siku pesa ilipoingia. Ndivyo ilivyo: stori ina mwanzo wake na mwisho wake, na kesho kuna nyingine. Hakuna mhariri atakayemtuma mwandishi Chanika kuuliza kina mama wanaochoma vitumbua wanamuuzia nani sasa.

Mwezi wa kwanza tulipigiana simu kila siku. Wa pili, kila wiki. Hatukugombana, na wala hakuna aliyemchoka mwenzake. Ni kwamba simu, tofauti na baraza, inataka sababu. Barazani unapita tu, na kwa kuwa umepita unasema. Ukishika simu unajiuliza: nampigia nimwambie nini? Mtu yuko kwenye daladala, au anaunga mboga, nianze kumwambia fundi baiskeli kapaka duka rangi? Basi unaacha, unangoja kitu cha maana. Ndivyo tulivyoanza kuchuja. Bila kukubaliana tukawa tumefungua ofisi ya gazeti kati yetu, na kila mmoja ni mhariri, na kila siku tunatupa kapuni yale mambo ambayo urafiki wetu ulikuwa unayala.

Zikabaki habari kubwa. Kuna kundi la WhatsApp la watu wa Suna, waliohama na waliobaki, wamesambaa kuanzia Mbagala hadi Kivule. Humo ndani ni msiba, harusi, mgonjwa wa kuchangiwa. Orodha ya majina, kiasi, alama ya tiki. Nimetuma 10,000. Mungu akuzidishie. Poleni wafiwa. Sidharau, michango hiyo imezika watu kwa heshima. Ila ukilisoma kundi hilo mwaka mzima utadhani watu wa Suna hawafanyi kitu kingine zaidi ya kufa na kuoa.

Mwaka jana jirani yetu mmoja wa zamani alifanya hitma ya mama yake huko huko Chanika. Nikapanda daladala mbili kupitia Gongo la Mboto, nikafika saa sita. Baada ya kula nikaenda kwa rafiki yangu. Vikombe vilikuwa vitatu kwenye ndoo ya vyombo, na viatu vya mumewe havikuwepo mlangoni. Nikamuuliza, "Shemeji yuko wapi?"

"Yuko mjini," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Ungemsikia ungejua. Nikakaa. Watoto walipokwenda dukani akanieleza. Mumewe ni winga Kariakoo, kazi ya kuwahi na kuchelewa. Wakati wako Suna alikuwa anakatiza Jangwani kwa miguu, nusu saa hivi yuko nyumbani. Kutoka Chanika nauli ni mara nne kwa siku, na foleni inaamua mwenyewe. Akaanza kuchelewa. Halafu ikawa Ijumaa analala kwa mwenzake, mzigo unaingia usiku. Halafu Ijumaa na Jumamosi. Halafu akawa anakuja Jumapili tu, anatuma pesa ya matumizi kwa simu. Halafu pesa ikawa inakuja yenyewe bila neno. Halafu ikawa inaruka wiki. Siku ile tunaongea ilikuwa mwezi wa nne hajafika, na vitumbua huko alikokuwa havikuwa na mnunuzi, kila nyumba iko mbali na nyumba nyingine na watu wanaondoka bado giza.

"Mbona hukunipigia?"

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Nikupigie nikwambie nini? Kwamba leo kachelewa? Kwamba leo kalala kwa rafiki yake? Kila siku lilikuwa jambo dogo, mwenzangu. Lilipokuja kuwa kubwa likawa la aibu."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Tunajidanganya tukidhani matatizo yanaingia kwa mlango mkubwa na kengele. Mengi huja vipande vipande, na kila kipande ukikishika mkononi hakina uzito wa kumwita mtu. Kuchelewa kwa saa moja. Sahani moja iliyofunikwa mpaka asubuhi. Barazani kwa Suna nisingehitaji kupigiwa simu. Ningeona yeye amechelewa kuwasha jiko, ningeona vile anavyojibu "nzuri" halafu ile "ila" haiji. Siku ya tatu ningejua. Wiki ya pili balozi wa nyumba kumi angejua, na wazee wawili watatu wangemsubiri yule bwana kwenye kijiwe cha kahawa wakamwagizia kikombe na kashata, wakaongea naye kuhusu mpira, kisha kuhusu mambo mengine. Sisemi ndoa ingepona. Nasema rafiki yangu asingekaa na jambo hilo peke yake miezi minne, akipika kwa ajili ya mtu ambaye haji.

Nilipomwambia hivyo alinikatalia. Na ni haki niandike alichosema, maana ana hoja. "Suna uliipenda wewe uliyekuwa juu," akasema. "Mimi nimetangazwa mno pale. Nilipopata mimba ya huyu wa pili walijua kabla sijajua. Yule mama wa tailoring alihama kwa sababu ya midomo, umesahau? Huku angalau hakuna anayenihesabia."

Sikusahau. Umbea upo na una majeruhi wake. Mtaa ule ule uliomtafutia binti tranka ulimfanya mwanamke mwingine afunge cherehani yake akaondoka bila kuaga. Sina dawa ya hilo. Lakini yule anayekuhesabia vibaya na yule anayegundua kwamba leo umepungua wanatazama kwa jicho lile lile, na mpaka sasa sijaona mahali ambapo watu wamempata mmoja bila mwingine. Tulibishana mpaka watoto wakarudi na mafuta ya taa. Tukanyamaza. Akasema, "Basi wewe niulize. Ila usiniulize makubwa."

Tukapatana jambo ambalo kwa watu wenye shahada linaweza kuonekana mchezo. Kila siku, kabla ya kulala, kila mmoja anamtumia mwenzake ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, na ndani yake haruhusiwi kuweka habari ya maana. Msiba una mahali pake, harusi ina kundi lake. Hapa ni yale ambayo mhariri angeyatupa. Yeye anauita taarifa ya habari, na anaufungua kwa sauti nzito ya mtangazaji wa RTD, mpaka wanawe wanacheka nyuma. Mimi, mtangazaji wa kalamu, mwanzoni nilishindwa. Siku tatu za kwanza nilikaa na simu mkononi sijui niseme nini. Miaka kumi ya kuchuja habari imenifanya nisione nilichokula mchana.

Sasa nimezoea, na imenibadilisha hata mchana wangu. Naangalia vitu ili nikavisimulie. Konda aliyemrudishia bibi nauli. Mlinzi wetu wa ofisini anayejifunza kusoma kwa kutumia magazeti ya jana. Ujumbe wa sauti hauwezi kukinga ndoo mbili za maji, wala haubebi bakuli la futari, nalijua hilo. Mumewe hajarudi, amekuja mara mbili kuona watoto, na mara ya pili alikaa mpaka jioni. Haya nimeyajua siku ile ile yalipotokea, kipande kwa kipande, bila kuuliza makubwa. Na mwezi wa tatu, kwa sauti yake tu, kabla hajasema neno lolote la shida, nilijua kwamba ni siku ya kuomba ruhusa kazini na kupanda daladala mbili. Nilipofika akasema, "Nani kakwambia?" Hakuna aliyeniambia. Alikuwa amesahau kuiga sauti ya mtangazaji.

Jana usiku taarifa ilikuwa hivi. Mvua imenyesha Chanika toka saa tisa na hakuna kilichoingia ndani. Mdogo kang'oka jino, kalirusha juu ya bati, bati ni jipya likateleza likarudi chini, wametafuta kwenye mchanga nusu saa. Nazi ni 1,500, ndogo kama ngumi. Shule ya msingi ya karibu wamemruhusu apeleke vitumbua saa nne wakati wa mapumziko. Leo kapeleka 60, vimebaki vitatu, na hivyo vitatu kala mwenyewe. Halafu akakohoa, akashusha sauti, akasema hiyo ndiyo mwisho wa taarifa, na kwamba mtangazaji wa zamu sasa anaenda kuloweka mchele.